Mpanda Ngazi na Kushuka Kwake

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kumpandisha mtu madarakani. Hutawazwa, husimikwa, huapishwa, hukalishwa kitini, huvishwa kilemba. Ya kumshusha ni haba, na karibu yote yananuka baruti: hupinduliwa, hung'olewa, hufurushwa. Kung'atuka, neno la adabu kwa tendo hilo, ni la juzi. Lilienea mwaka 1985, Julius Nyerere alipomwachia Ali Hassan Mwinyi urais wa Tanzania, na wengi hulihusisha na Kizanaki, lugha ya kwao Butiama. Aliyelieneza alikuwa mtoto wa mtemi, Burito Nyerere, na serikali yake ndiyo iliyofuta mamlaka ya machifu Tanganyika mwaka 1963. Mjadala wa ufalme na demokrasia kwa kawaida huanzia kwenye mlango wa kuingilia: nani ana haki ya kukaa kitini, aliyezaliwa au aliyechaguliwa? Swali hilo ni tamu, na wanafalsafa wamelitafuna tangu Ugiriki ya kale. Lakini wajinga wamezaliwa katika makasri, na wajinga wamechaguliwa kwa kura tele. Wenye hekima vilevile. Ninavyoona mimi, kinachoitenga mifumo hii miwili, na kinachogharimu roho za watu pale kinapokosekana, ni namna mtu anavyoshuka.

Watetezi wa ufalme watanikatiza hapo hapo, kwa sababu wao huona kurithishana ndiko nguvu ya mfumo wao. Mfalme akifa mrithi anajulikana, hakuna matusi ya majukwaani, hakuna gharama za masanduku ya kura, wala nchi haikai roho juu kila baada ya miaka mitano. Hoja hiyo inapendeza ikiwa bado iko kwenye karatasi. Tuipeleke Zanzibar tuone. Seyyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, karibu na Ushelisheli, akiwa safarini kutoka Muscat kurudi Unguja. Aliacha wana wengi na himaya iliyosimama kwa miguu miwili iliyo mbalimbali. Thuwaini, aliyekuwa Muscat, aliona yote ni yake. Majid, aliyekuwa Unguja, hakuwa tayari kukiachia kisiwa chenye karafuu na forodha. Barghash, ndugu yao mdogo, naye alikitaka kiti, na mwaka 1859 akafanya uasi huku dada yao Salme akimwandikia barua za siri. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Ugomvi wa ndugu haukuamuliwa na ndugu: mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa India, ndiye aliyekata shauri, Oman kwa Thuwaini, Zanzibar kwa Majid, na Majid amlipe kaka yake riale 40,000 kila mwaka. Miaka mitano baadaye Thuwaini aliuawa, na aliyemuua ni Salim, mwanawe wa kumzaa. Kisha ikaja Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alipokufa tarehe 25, Khalid bin Barghash aliingia katika kasri na kujitangaza sultani bila kungoja ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 asubuhi manowari zao zikafyatua mizinga. Kazi yote haikuzidi dakika 45, na watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Vitabu vya maajabu hupenda kuvitaja kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani, kana kwamba ufupi wake ni kichekesho. Kwa hoja hii, huo ndio uliokuwa uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka 1896, na waliopiga kura ni manowari.

Asije mtu akasema hayo ni ya Busaidi, ukoo wa Seyyid Said, peke yao. Buganda, katika muda wa miaka miwili hivi kuanzia Septemba 1888, kiti kilitoka kwa Mwanga kikaenda kwa Kiwewa, kikaenda kwa Kalema, kikarudi kwa Mwanga, na kila kilipohama nchi ilivuja damu. Rwanda, mfalme Rwabugiri alijitahidi kuliepuka balaa hilo kwa kumtangaza mrithi, Rutarindwa, yeye mwenyewe akiwa hai. Haikufaa kitu. Alikufa 1895, na mwaka uliofuata, pale Rucunshu, mama mfalme Kanjogera na ndugu zake walimwangamiza Rutarindwa na kumkalisha Musinga. Burundi, mwaka 1966, Mwambutsa aliyekaa kitini tangu 1915 aliondolewa Julai na mwanawe, aliyeitwa Ntare wa Tano, naye huyo mwana akaondolewa Novemba na waziri mkuu wake, kapteni wa jeshi Michel Micombero. Ukiyatazama haya kwa pamoja, unaona kwamba tatizo halikuwa tabia mbaya ya watu fulani. Pale ambapo kifo ndicho mlango pekee wa kutokea, kila anayetamani kuingia huanza kuhesabu pumzi za aliyemo ndani. Naye aliyemo ndani huanza kumwogopa mwanawe kuliko adui wa nje. Uhakika wa kurithi unaosifiwa ni uhakika wa jina la ukoo tu. Jina la mtu, ambalo ndilo hupiganiwa, hubaki gizani.

Mfano mzito zaidi ambao mtetezi wa ufalme anaweza kunitolea uko Muscat, na nchi nyingine yoyote isingemfaa zaidi, maana huko kuna maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao. Qaboos bin Said alishika nchi Julai 1970, Oman ikiwa na shule tatu na jiji kuu ambalo milango yake ilifungwa usiku. Alipofariki Januari 2020 aliacha barabara, hospitali, chuo kikuu na nchi yenye heshima ya kupatanisha mahasimu. Hakuchaguliwa na mtu. Je, demokrasia gani ya jirani ilifanya vizuri zaidi katika nusu karne hiyo? Sina haja ya kukwepa: nyingi zilifanya vibaya. Lakini aliyetangulia kukaa kwenye kiti hichohicho alikuwa baba yake, Said bin Taimur, ndiye aliyeifunga hiyo milango. Mfumo ulioipa Oman Qaboos ndio ulioipa Said kwa miaka 38, na haukuwa na njia yoyote halali ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ilibidi mtoto ampindue baba, risasi zikisikika ndani ya kasri la Salalah na maofisa wa Kiingereza wakiwa na habari. Na Qaboos mwenyewe, ambaye hakuacha mtoto, aliliona tundu hilo. Jina la mrithi alilifungia kwenye bahasha. Bahasha ilifunguliwa, Haitham bin Tariq akatawazwa kwa amani, na mwaka mmoja tu baadaye sultani mpya akabadili sheria ya msingi ili kuweka mrithi anayejulikana mapema. Mtu hazibi tundu asiloliona. Kumsifu Qaboos ni haki. Kuufanya ubora wake uwe hoja ya kuwapa wengine kiti kisichoshukika ni sawa na kumsifu aliyeokota lulu ufukweni, kisha kuwashauri watu waache kazi wakaokote.

Hata hivyo sitaki kuuonea ufalme. Ziko falme zilizokuwa na ngazi, na za Kiafrika ni miongoni mwa zilizokuwa na ngazi nzuri. Waasante wa Ghana humtawaza mfalme kwa kumkalisha kigodani, na wazee wana uwezo wa kumtoa hapo. Kofi Karikari aliondolewa mwaka 1874 kwa kosa la kuchukua dhahabu kwenye makaburi ya watangulizi wake, na Mensa Bonsu aliyemfuata akaondolewa mwaka 1883. Kwa upande mwingine, anayesema kwamba ukomo wa uongozi uliletwa huku na meli ya Mzungu hajapita Lamu. Mji ule, wakati jirani zake Pate na Mombasa wakiwa chini ya masultani na maliwali, uliendeshwa na baraza la wazee la Yumbe, na masimulizi ya wenyewe yanataja pande mbili, Zena na Suudi, zilizopokezana uongozi kila baada ya miaka minne. Ni jamhuri ya Waswahili, yenye vipindi vinavyohesabika, karne kadhaa kabla ya tume yoyote ya uchaguzi. (Ilikufaje? Baada ya kuwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa pale Shela mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu waliogopa kisasi wakamwomba Seyyid Said awalinde. Walipata ulinzi, na liwali juu yake.) Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia nao wana gada, ambapo kiongozi mkuu hukaa miaka minane, kisha rika jingine hupokea, apende asipende. Wachaga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kufikia 1960 walikuwa wamepiga kura tena, kiti chake kikageuzwa kuwa cha rais wa kuchaguliwa, naye akaondoka. Kwa hiyo ukiona mtu anautetea utawala wa maisha kwa jina la mila za Kiafrika, muulize ni mila za mji gani.

Hapa tunafika kwenye falme za Ulaya, ambazo huletwa kila mara kama ushahidi kwamba taji na kura vinaweza kulala chumba kimoja. Uingereza, Uholanzi, Uswidi, Norwe na Denmark ni nchi zenye wafalme, na ni nchi ambazo raia wake hawalali na hofu ya serikali. Ushahidi huo ni wa kweli, ila unathibitisha jambo tofauti na linalodhaniwa. Ili kuliona, weka pamoja wafalme wawili ambao kila mmoja alikataa kutia saini sheria. Wa kwanza ni Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Mwaka 1990 bunge lake lilipitisha sheria ya kuruhusu utoaji mimba kwa masharti. Yeye, Mkatoliki wa kweli aliyekuwa na huzuni ya kutojaliwa mtoto, alisema dhamiri yake haimruhusu kuitia saini. Katiba ya Ubelgiji ilikuwa na kifungu cha mfalme asiyeweza kutawala, kilichotungwa kwa ajili ya maradhi na mambo ya aina hiyo. Mawaziri wakakishika. Wakatangaza kwamba mfalme hawezi kutawala, wakaisaini sheria wenyewe kwa niaba yake, na baada ya siku moja na nusu bunge likakutana na kumrudisha kitini. Dhamiri ya mfalme ilibaki salama, sheria ikapita, na waliokufa ni sifuri.

Wa pili ni Edward Mutesa, Kabaka wa Buganda. Uganda ilipopata uhuru Oktoba 1962, Waingereza waliiachia deni la zamani: wilaya za Bunyoro walizokuwa wamewagawia Waganda miaka ya 1890 kama shukrani ya vita. Mwaka 1963 Mutesa alifanywa Rais wa Uganda nzima huku akibaki Kabaka, na Novemba 1964 wakazi wa Buyaga na Bugangaizi wakapiga kura ya kurudi Bunyoro. Sasa fikiria mtihani aliopewa mtu huyu. Kama rais, alitakiwa kutia saini matokeo. Kama Kabaka, alikuwa ameapa kuilinda kila shubiri ya Buganda, na kiapo hicho hakina muhula. Alikataa, na waziri mkuu Milton Obote akasaini. Hadi hapo kisa cha Kampala kinafanana na cha Brussels kama pacha na pacha. Tofauti ni kwamba Uganda haikuwa na kifungu cha kumwezesha Mutesa aweke pembeni kofia moja kwa siku mbili kisha aivae tena. Alikuwa na viti viwili, kimoja cha kushukika na kimoja kisichoshukika, na hicho cha pili kilikuwa na watu, ardhi, kodi na bunge lake, Lukiiko. Februari 1966 Obote alisimamisha katiba na kumwondoa urais. Mei, Lukiiko likaitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Tarehe 24 mwezi huo jeshi lililoongozwa na Idi Amin likaishambulia Lubiri, kasri la Mengo. Kabaka aliruka ukuta. Alifika Uingereza, akafia London Novemba 1969, na mwili wake haukurudi kwao hadi 1971.

Kwa hiyo amani ya falme za Ulaya haitokani na damu ya kifalme wala na ustaarabu wa watu weupe, ambao walimkata kichwa mfalme wao Charles huko London mwaka 1649 na Louis huko Paris mwaka 1793. Inatokana na kwamba wafalme hao walikwisha kushuka. Walishuka wakiwa wamekaa. Mkoba, jeshi na kalamu vilihamia kwa watu wanaoshushwa kwa kura, na kiti kilichobaki ni cha sherehe, mihuri na maombolezo ya taifa. Uganda ya leo yenyewe inalijua hilo, kwani katiba ya 1995 inawatambua viongozi wa jadi lakini inawakataza siasa za vyama. Kabaka Mutebi, mtoto wa yule aliyeruka ukuta, alitawazwa Julai 1993 kwa masharti ya namna hiyo. Kinaya kiko upande wa pili wa Kampala. Jamhuri iliyoubomoa ufalme mwaka 1966 haijawahi, tangu uhuru hadi sasa, kushuhudia rais mmoja akimpisha mwingine kwa kura. Ukomo wa vipindi viwili ulifutwa 2005, ukomo wa umri wa mgombea ukafutwa 2017. Ngazi imeondolewa kipande kwa kipande, kwa taratibu zote za bunge, na hapo ndipo ninapokosana na wale wanaoiita kila nchi yenye uchaguzi kuwa demokrasia.

Ulinganisho ulio safi kuliko wote uko kusini mwa bara, kwenye nchi mbili ndogo zilizotoka mikononi mwa Mwingereza karibu wakati mmoja, Botswana mwaka 1966 na Eswatini, wakati huo ikiitwa Swaziland, mwaka 1968. Seretse Khama alizaliwa kuwa chifu wa Wabamangwato. Waingereza walimfukuza nchini mwake kwa sababu ya kumwoa Ruth Williams, mwanamke wa Kiingereza, na ili arudi mwaka 1956 aliukana uchifu. Alirudi kama raia, akaunda chama, akashinda uchaguzi. Jambo kubwa alilofanya, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko kushinda kura, ni kuhamisha mali. Mwaka 1967 haki za madini ziliwekwa mikononi mwa dola, na almasi ya Orapa iliyogunduliwa mwaka huohuo ilikuwa ndani ya ardhi ya kabila lake mwenyewe. Sheria ya 1968 ikahamisha ugawaji wa ardhi kutoka kwa machifu kwenda kwa bodi. Machifu walibaki, kgotla zao, yaani mabaraza ya jadi, zikabaki, baraza lao likawa la kushauri. Eswatini ilikwenda njia nyingine. Katika uchaguzi wa 1972 upinzani ulipata viti vitatu kati ya 24. Vitatu tu! Aprili 1973 Mfalme Sobhuza wa Pili aliifuta katiba na kupiga marufuku vyama. Alipofariki 1982, baada ya kukaa kitini tangu akiwa mtoto mchanga, wakuu wa kasri walipigania nani ashike nchi kwa niaba ya mrithi, malkia mmoja akaondolewa akawekwa mwingine, hadi Mswati alipotawazwa 1986. Madini, ardhi ya jadi na mfuko mkubwa wa uwekezaji vinashikwa kwa jina la mfalme kama amana ya taifa. Juni 2021 vijana waliodai waziri mkuu wa kuchaguliwa walikutana na risasi, na makumi wakafa. Botswana nayo, Oktoba 2024, ilimaliza miaka 58 ya chama kimoja kushinda: chama cha Seretse kilibaki na viti vinne, Rais Masisi akakiri kushindwa kabla hesabu haijakamilika, na Duma Boko akaapishwa. Siku zile za Gaborone ziliwachosha waandishi wa habari. Hawakuwa na cha kuandika.

Sasa hoja inayoniuma zaidi. Msomaji wa Kenya ataniuliza kuhusu watu zaidi ya 1,100 waliokufa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wa Zanzibar ataniuliza kuhusu waliouawa Januari 2001. Je, si sanduku la kura lenyewe lililowaua? Na Zanzibar ya 1963 je? Katika uchaguzi wa Julai mwaka ule, chama cha ASP kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31, muungano wa wapinzani wake ukaunda serikali, na mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Desemba 10 mapanga yakaingia kazini. Siwezi kulibebesha taji peke yake lawama ya usiku ule. Mipaka ya majimbo ilikuwa sehemu ya maradhi, na mapinduzi yaliyomwondoa Sultani hayakuwarudishia watu sanduku. Wazanzibari hawakupiga kura ya kumchagua rais wao hadi 1980. Lakini chunguza kila kisa na utakuta watu hawakuuana kwa sababu walipiga kura. Waliuana pale walipoamini kwamba kura haiwezi kumshusha mtu. Kinachotakiwa ni mtu wa tatu anayeaminika kusema "shuka". Malawi ilimpata mwaka 2020, mahakama ilipoufuta uchaguzi wa mwaka uliotangulia na kuamuru urudiwe. Peter Mutharika akashindwa, akashuka, akaenda nyumbani. Mwaka 2025 aligombea tena, akamshinda Lazarus Chakwera aliyekuwa amemtoa, naye Chakwera akakiri. Kifungu hicho cha "akaenda nyumbani" ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kiongozi anayejua kwamba chini ya ngazi kuna nyumba, pensheni na hata nafasi ya kujaribu tena hana sababu ya kuuma kiti kwa meno. Anayejua kwamba chini kuna jela au kaburi atafanya kila awezalo asifike huko, awe na taji au asiwe nalo. Ndiyo maana sioni ubaya wa kodi yangu kulipia gari na walinzi wa marais wastaafu, jambo ambalo huwakera wengi. Ni bei nafuu.

Lipo na pingamizi la mwisho, la dhihaka kidogo: kwamba jamhuri zetu zimejaa wana wa marais. Togo, Gnassingbé Eyadéma alitawala kuanzia 1967 hadi kifo chake 2005, jeshi likamkalisha mwanawe Faure. Gabon, Omar Bongo aliyeanza mwaka huohuo wa 1967 alirithiwa na Ali mwaka 2009, hadi wanajeshi walipomtoa 2023. Kenya ilipata Kenyatta wa pili, Zanzibar ikapata Karume wa pili na Mwinyi wa pili. Kura imegeuka mlango wa kurithishana, wanasema, basi tofauti i wapi? Damu husaidia kupanda; sibishi, na ni aibu ya vyama vinavyokosa watu wengine wa kuwapendekeza. Ila kuwaweka wote kapu moja ni uvivu. Amani Karume aliingia 2000 katika uchaguzi uliogombaniwa vikali, na mwaka 2010 muda wake ulipokwisha alitoka. Uhuru Kenyatta aliingia 2013 na mwaka 2022 alitoka, tena akimpisha mtu aliyempinga. Ukoo wa Togo haujatoka. Jina la ukoo la rais linaniambia alivyopanda. Tarehe ya mwisho ya muhula wake, na kama tarehe hiyo huheshimiwa, ndiyo inayoniambia naishi katika nchi ya namna gani.

Mwaka 2024 ulianza na kuisha kwa vifo vya wazee wawili, mmoja mtoto wa kasri la Unguja, mwingine aliyehamia Unguja akiwa mdogo, akasomea na kufundisha huko. Jamshid bin Abdullah alikuwa sultani kwa miezi sita. Asubuhi ya Mapinduzi alipanda meli yake ya kifalme, akafika Mombasa akakataliwa kushuka, akapitia Dar es Salaam hadi Uingereza, na aliishi Portsmouth zaidi ya nusu karne kabla ya Oman kumkubali mwaka 2020. Alifia huko tarehe 30 Desemba. Ali Hassan Mwinyi alikuwa rais kwa miaka kumi. Novemba 1995 alimkabidhi Benjamin Mkapa nchi, akarudi kwenye maisha ya kawaida ya mzee wa Dar es Salaam, akionekana misikitini, misibani na kwenye mazoezi yake ya kutembea, kwa miaka 28. Alifariki tarehe 29 Februari akazikwa Mangapwani, kaskazini mwa Mji Mkongwe, na waliokuwepo mazikoni ni pamoja na watu waliompigia kura na watu waliompinga.